Kusoma kwa Kuhesabu Usahaulifu: Mtahiniwa wa Ufipa na Somo la Sheria ya Amana

Kusahau ni kazi ya kawaida ya ubongo, kama vile kumeng'enya chakula kulivyo kazi ya kawaida ya tumbo. Hata hivyo mtu anayejiandaa kwa mtihani wa kitaaluma hupanga masomo yake, mara nyingi, kana kwamba kazi hiyo haipo. Hutazama kitabu akaona kina kurasa 400. Hutazama kalenda akaona zimebaki siku 100. Kisha hugawa, akapata kurasa 4 kwa siku, akaridhika. Hesabu hiyo ni sahihi kwa upande wa kitabu. Kwa upande wa msomaji ina dosari kubwa, kwa kuwa inadhani kwamba ukurasa uliosomwa mwezi wa Novemba utakuwa ungali kichwani mwezi wa Mei ukimngoja mtahini.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi masomo yanavyoweza kupangwa kwa kuuzingatia usahaulifu wenyewe. Mfano uliochaguliwa ni somo la sheria ya amana, na mahali palipochaguliwa ni Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, ulioko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Huko, kama ilivyo katika miji mingi iliyo mbali na Dar es Salaam, wahasibu wa halmashauri, watumishi wa mahakama na maofisa wa ardhi hujisomea usiku baada ya kazi. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, hufanya mitihani yake mwezi wa Mei na mwezi wa Novemba. Kwa mtu wa Ufipa, mwezi wa kwanza ni wa mavuno yanayoanza, na wa pili ni wa mvua zinazoanza. Jambo hilo litarejewa mbele.

Somo la amana nalo halikuchaguliwa kwa bahati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi ya kijiji kwa kufuata kanuni zinazomhusu mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wanufaika, wanakijiji wenyewe wakiwa ndio wanufaika hao. Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo inatamka kuwa ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Jumuiya ya dini au chama kinachotaka kumiliki kiwanja au zahanati kwa jina lake huweza kusajili wadhamini wake kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), chini ya Sura ya 318 ya sheria za nchi. Baada ya kusajiliwa, wadhamini hao huwa chombo kimoja cha kisheria, chenye uwezo wa kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa, wala chombo hicho hakifi kwa kufa kwa mdhamini mmoja.

Kwa hiyo aliyefaulu somo la amana mwezi wa Mei atakutana nalo tena mezani mwezi wa Agosti, likiwa limevaa sura ya mgogoro wa shamba au ya hesabu za parokia. Ikiwa alilibukua kwa wiki mbili, likatoka kwa wiki mbili, cheti chake ni halali, lakini ushauri wake ni wa kubahatisha, na atakayelipa hasara ni yule mnufaika ambaye hakufanya mtihani wowote. Hapo ndipo tofauti kati ya kusoma ili kufaulu na kusoma ili kukumbuka inapoacha kuwa mazungumzo ya walimu tu.

Neno moja, maana nyingi

Kabla ya kuja kwenye kalenda, yafaa kuitazama bidhaa inayotakiwa kuingia kichwani. Mwanafunzi anayezungumza Kiswahili huliingia somo hili akiwa na kikwazo ambacho vitabu vilivyoandikwa Uingereza havikijui, nacho ni kwamba maneno makuu ya somo tayari anayafahamu, ila kwa maana nyingine.

Mtu akimwachia jirani baiskeli yake mpaka arudi safari, baiskeli ile ni amana kwa jirani. Mtu akiweka fedha benki kwa muda maalumu, huambiwa ana akaunti ya amana. Mzee akimkabidhi ndugu yake nyumba ili kodi yake isomeshe watoto wa marehemu, hiyo nayo huitwa amana. Katika mazungumzo ya kila siku maana hizi tatu hukaa pamoja bila ugomvi. Katika karatasi ya mtihani zikikaa pamoja mtahiniwa hushindwa, kwa maana sheria inazitenga kabisa.

Baiskeli ya jirani imebaki kuwa mali ya mwenyewe. Jirani ameishika tu. Fedha za benki si amana kisheria hata kidogo. Tangu hukumu ya Foley dhidi ya Hill, iliyotolewa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1848, inakubalika kwamba fedha zikishaingia benki ni za benki, na mteja ni mtu anayeidai benki kiasi kile. Nyumba ya watoto ndiyo amana yenyewe: ndugu ni mmiliki machoni pa sheria, jina lake liko katika hati, lakini umiliki wake ameubeba kwa faida ya wengine, na hawezi kuugeuza kuwa wa kwake.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Benki ikifilisika, mteja husimama katika foleni ya wadai. Mdhamini akifilisika, nyumba haiingii katika foleni hiyo, kwa sababu haikuwa ya kuliwa na wadai wake. Watoto huifuata nyumba yenyewe. Mtahiniwa aliyeielewa nukta hii moja amekwisha kuelewa kwa nini amana ilibuniwa.

Neno "mdhamini" lina matata zaidi. Anayemtoa mshtakiwa rumande ni mdhamini. Anayetia sahihi ili mwenziwe apewe mkopo ni mdhamini. Kampuni inayoinunulia timu ya mpira jezi ni mdhamini. Na mwenye kushika mali kwa faida ya mwingine ni mdhamini vile vile. Aidha yuko msimamizi wa mirathi, ambaye wengi humwita mdhamini kwa makosa. Kazi ya msimamizi wa mirathi ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kugawa kinachobaki na kumaliza. Kazi ya mdhamini ni kuendelea kutunza, pengine kwa miaka mingi. Mtu mmoja aweza kuwa yote mawili kwa nyakati mbili, na watahini hupenda sana kuuliza ni siku gani aliacha kuwa wa kwanza akawa wa pili.

Kwa sababu hii wiki ya kwanza ya mpango wa masomo haifai kutumiwa kwa kusoma sura ya kwanza ya kitabu. Inafaa kutumiwa kwa kuandika, kwa mkono, ukurasa mmoja wa maneno haya na tofauti zake, kila neno likiwa na mfano wa hapo hapo Sumbawanga: sokoni, mahakamani, kanisani, shambani. Ukurasa huo utatumika hadi siku ya mwisho.

Usahaulifu una mwendo wake

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, akangoja muda fulani, kisha akazikariri upya, akipima ni kazi kiasi gani aliyookoa kwa kuwa aliwahi kuzijua. Baada ya dakika 20 aliokoa kama asilimia 58. Baada ya saa moja, asilimia 44. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya siku 6, asilimia 25, na baada ya siku 31, asilimia 21. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Amsterdam, Murre na Dros, walilirudia jaribio hilo wakapata mwendo unaofanana na ule wa zamani.

Silabi zisizo na maana husahaulika upesi kuliko kanuni ya sheria iliyoeleweka, kwa hiyo mtahiniwa asizichukue tarakimu hizi kama zilivyo. Kinachomhusu ni umbo la mwendo wenyewe. Hasara kubwa hutokea mwanzoni, tena upesi; kisha kasi hupungua, na kile kilichookoka siku ya sita kimepungua kidogo tu siku ya thelathini na moja. Wakati wa kurudia, basi, ni mapema, kabla jengo halijaanguka lote; na kila marudio yakifanyika, mwendo wa kusahau huwa wa polepole zaidi, hivyo marudio yanayofuata yaweza kusogezwa mbele.

Swali lililobaki ni umbali wa kusogeza. Mwaka 2008 Cepeda na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha watu zaidi ya 1,350, ambao walifundishwa mambo fulani, wakarudishiwa baada ya muda uliotofautiana, kisha wakatahiniwa. Ilionekana kwamba hakuna muda mmoja ulio bora kwa wote; muda bora hutegemea mtihani uko mbali kiasi gani. Mtihani ukiwa baada ya wiki moja, nafasi nzuri kati ya kujifunza na kurudia ilikuwa kama asilimia 20 hadi 40 ya muda huo, yaani siku moja au mbili hivi. Ukiwa baada ya mwaka, nafasi hiyo ilikuwa asilimia 5 hadi 10, yaani wiki tatu hadi tano.

Mtahiniwa anayeanza Novemba kwa ajili ya Mei yuko katikati ya mipaka hiyo. Kwake mpango wa busara ni kurudia jambo jipya kesho yake, kisha baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki tatu, kisha baada ya miezi miwili. Ni mara nne, na kila mara ni dakika chache. Mwenzake anayelisoma jambo lile lile mara nne katika usiku mmoja ametumia muda ule ule, naye atalala akiamini kwamba amelijua zaidi.

Watu wa Ufipa wana kilimo kinachofuata mantiki ya namna hii. Mvua zinapokaribia kwisha, wakulima hukwatua nyasi na udongo wake, wakaviinamisha ndani ya matuta ya duara yaitwayo ntumba. Nyasi huoza humo taratibu. Msimu mpya ukianza matuta hutawanywa, na ulezi hupandwa juu ya udongo uliokwisha kurutubika. Anayefukia leo na kutawanya kesho hajapata mbolea, amepata nyasi zilizochafuka. Muda ule ambao mtazamaji anaona hakuna kinachofanyika ndio unaofanya kazi.

Kujisaili bila kitabu

Kurudia kuna namna mbili. Namna ya kwanza, inayopendwa na wengi, ni kufungua kitabu na kupitia tena mistari iliyopigwa wino. Namna ya pili ni kukifunga kitabu, kuchukua karatasi tupu, na kuandika kila kinachokumbukwa, kisha kufungua na kusahihisha. Ya kwanza ni tamu na ya pili ni chungu, na pengine hiyo ndiyo sababu ya pekee ya ya kwanza kupendwa.

Roediger na Karpicke walizilinganisha namna hizi mbili mwaka 2006. Wanafunzi walipewa kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu vilivyobaki likajaribu kuandika lilichokikumbuka bila kukitazama. Walipotahiniwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walibakiwa na asilimia 40, na waliojisaili walibakiwa na asilimia 61. Jambo la kutazamwa sana ni kwamba waliosoma mara nne ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Hisia ya kujua hutokana na wepesi wa macho kupita juu ya mistari iliyozoeleka, na wepesi huo haupatikani ndani ya chumba cha mtihani, kwa kuwa mistari haimo.

Kwa somo la amana, kujisaili kwaweza kufanywa hivi. Mtahiniwa aandike juu ya karatasi: Keech dhidi ya Sandford, 1726. Chini yake aeleze, kwa maneno yake, kisa na kanuni. Mdhamini alishika kwa niaba ya mtoto mkataba wa kukodi soko la Romford, karibu na London. Muda ulipokwisha, mwenye soko alikataa kuufanya upya kwa jina la mtoto. Mdhamini akauchukua kwa jina lake. Mahakama iliamuru aushike kwa faida ya mtoto, ingawa mtoto mwenyewe asingeweza kuupata, kwa kuwa mdhamini akiruhusiwa hata mara moja kunufaika na nafasi yake, hakuna mkataba wa mtoto utakaofanywa upya tena. Baada ya hapo aandike kisa cha kwake: baba mdogo anashika kibanda cha soko kwa ajili ya yatima wa kaka yake, mwenye kibanda anasema hataki kuandikiana na mtoto, baba mdogo anajiandikisha mwenyewe. Je, faida ni ya nani? Anayeweza kujibu swali hili bila kitabu baada ya wiki tatu ameijua kanuni. Anayekumbuka tu mwaka 1726 amekumbuka tarakimu.

Kisa cha Kiingereza chatumika katika nchi hii kwa sababu iliyo wazi. Sheria ya Tanzania Bara ilipokea kanuni za Uingereza, zikiwamo kanuni za insafu ambamo amana ilizaliwa, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za Uingereza za baada ya tarehe hiyo hushawishi tu, hazilazimishi. Zanzibar nako waliijua wakfu kabla ya Waingereza kufika, na leo iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mwenye kuufahamu wakfu hapati tabu kuielewa amana ya Kiingereza, mradi asisahau kwamba shina la wakfu ni dini.

Kuchanganya mada

Vitabu hupangwa mada kwa mada, na msomaji huvifuata: wiki hii uhakika wa amana, wiki ijayo wajibu wa mdhamini, wiki ya tatu uvunjaji wa amana. Kwa kusoma mara ya kwanza utaratibu huo unafaa. Kwa mazoezi haufai, kwa maana aliyekaa katika sura ya uhakika wa amana anajua tayari, kabla hajalisoma swali, kwamba jibu ni uhakika. Katika mtihani hakuna anayemwambia swali limetoka sura gani.

Rohrer na Taylor, wa Chuo Kikuu cha South Florida, walilijaribu jambo hili kwa hesabu za ujazo wa maumbo mwaka 2007. Waliofanya mazoezi ya aina moja mpaka yaishe, ndipo waende aina nyingine, walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganya aina zote walipata 60. Wiki moja baadaye walitahiniwa. Waliochanganya walipata asilimia 63, na wale wa kwanza walipata 20. Hesabu si sheria, lakini ugumu wa maswali ya amana ni wa aina hiyo hiyo: kazi kubwa ni kutambua ni kanuni ipi inayohusika, na kuitumia ni kazi ndogo inayofuata.

Chukua maneno matatu ya mzee mfugaji. La kwanza: "Nakuachia milioni hizi, nakuamini utawatazama watoto." La pili: "Katika ng'ombe wangu 20, wanne ni wa mpwa wangu, uwashike." La tatu: "Katika hisa zangu 1,000 za kampuni ile, 50 nazishika kwa ajili ya mpwa wangu." Tangu Lord Langdale alipotoa hukumu ya Knight dhidi ya Knight mwaka 1840, amana hudai uhakika wa nia, uhakika wa mali na uhakika wa wanufaika. Neno la kwanza lina kasoro ya nia, kwa kuwa kumwamini mtu si lazima kuwe ni kumfunga. Mahakama ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1884 juu ya mume aliyemwachia mkewe mali akiwa na imani kamili kwamba atatenda haki kwa watoto. Neno la pili lina kasoro ya mali, kwani hao wanne hawakutengwa, na ng'ombe hawafanani: mmoja ana maziwa, mwingine ni mzee. Neno la tatu linafanana na la pili kwa sura, lakini Hunter dhidi ya Moss, mwaka 1994, ilikubali amana ya hisa 50 zisizotengwa, kwa hoja kwamba hisa moja haina tofauti na nyingine. Wanasheria wengi hawajaridhika na hoja hiyo hadi leo, na mtahiniwa anayeweza kusema kwa nini hawajaridhika huwa amejitenga na kundi.

Maneno hayo yakisomwa katika wiki tatu tofauti, kila moja laonekana rahisi. Yakiwekwa katika karatasi moja pamoja na swali la akaunti ya benki na la msimamizi wa mirathi, hapo ndipo akili hulazimika kuchagua. Zoezi la kila Jumamosi liwe la namna hiyo.

Saa zilizopo na saa za kufikirika

Sasa kalenda. Kutoka katikati ya Novemba hadi mwanzo wa Mei ni kama wiki 24. Tuseme mtahiniwa ana uwezo wa kusoma saa 8 kwa wiki: saa moja kwa siku 5, na saa 3 Jumamosi. Ni saa 192. Lakini wiki hizo 24 ndizo za masika ya Ufipa. Mwenye shamba, na watumishi wengi wa Sumbawanga wana shamba, atapoteza wiki ya kupanda na wiki ya palizi. Ofisini kuna taarifa za nusu mwaka wa fedha mwishoni mwa Desemba. Kuna Krismasi, kuna Pasaka, kuna ugonjwa na kuna msiba, ambao hauna tarehe lakini hauna budi. Akiondoa wiki 5 anabaki na 19, yaani saa 152. Afadhali aziondoe yeye mwenyewe mwanzoni kuliko kuja kuondolewa.

Upande wa pili wa hesabu ni kazi yenyewe, na hapa binadamu ana udhaifu unaojulikana. Mwaka 1994 Buehler, Griffin na Ross waliwauliza wanafunzi wa Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu zao ni siku ngapi zitawatosha kumaliza. Kwa wastani walitaja siku 33.9. Walitumia 55.5. Si kwamba hawakuwahi kuchelewa hapo awali. Walikwisha kuchelewa mara nyingi, ila kila mtu huiona kazi iliyo mbele yake kama kazi mpya isiyo na historia. Uwiano wa tarakimu hizo ni kama 1.6. Mtahiniwa akikadiria kwamba somo litamhitaji saa 90, aandike 144. Kati ya 144 na 152 zimebaki saa 8 tu. Kumbe mpango aliouona kuwa na nafasi tele hauna nafasi, na akiahirisha kuanza hadi baada ya mwaka mpya, haukidhi.

Saa hizo zisigawanywe sawa. Sehemu kubwa ya kusoma mambo mapya iishe kabla ya mwisho wa Februari, ili Machi na Aprili zibaki kwa marudio, kwa maswali mchanganyiko na kwa karatasi za mitihani iliyopita, zikiandikwa kwa saa kama mtihani wenyewe. Mada zenye uzito, yaani uhakika wa amana, wajibu wa mdhamini, uvunjaji wa amana na tiba zake, zianze Novemba, kwa sababu zinahitaji marudio mengi zaidi. Historia ya insafu yaweza kungoja. Wiki za palizi zisiachwe tupu kabisa: karatasi ndogo zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili huingia mfukoni, na dakika 10 za kujisaili chini ya mti zatosha kuzuia kuporomoka hadi Jumamosi.

Kuhusu usingizi, neno moja latosha. Tangu mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach walipowapima wanafunzi wawili katika Chuo Kikuu cha Cornell, inajulikana kwamba mtu akilala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko akikaa macho kwa muda ule ule. Kukesha ni kukopa kwa riba.

Iko desturi nyingine, ya kuagua maswali: kukaa na karatasi za miaka iliyopita na kutabiri ni mada gani itakayokuja, kisha kusoma hiyo peke yake. Inasemekana kwamba jina la Sumbawanga lenyewe maana yake ni "tupa uchawi," na ushauri huo wafaa kuchukuliwa na watahiniwa pia. Karatasi za zamani ni chombo cha kujisaili, si bao la kuagulia.

Wiki ya mwisho isiwe na jambo jipya lolote. Kila siku mtahiniwa aandike upya, bila kutazama, ule ukurasa wa maneno wa wiki ya kwanza, aongeze juu yake majina ya kesi na kanuni zake, kisha asahihishe. Kinachokosekana mara mbili mfululizo kiandikwe katika karatasi ya pembeni, na hiyo ndiyo karatasi ya kubeba safarini. Ikiwa kituo chake cha mtihani kiko Mbeya, ni zaidi ya kilomita 300 kwa basi kupitia Tunduma. Asafiri siku mbili kabla, siku ya kati akae, apitie karatasi ile mara moja asubuhi na mara moja jioni, na kitabu akiache Sumbawanga.